Sura ya Sita: Pauni 5,000 kwa Mwaka

Pale njia panda ya Kanduyi, ambapo malori ya Malaba hupunguza mwendo na wanabodaboda hung'ang'ania abiria wa Bungoma mjini, bei ya miwa na habari za ndoa za watu huzungumzwa kwa sauti moja. Fulani alimkubali yule mzee kwa ajili ya ploti mbili za kando ya barabara. Fulani alimwoa mwalimu kwa kuwa mshahara wa serikali haukosi mwisho wa mwezi. Mwingine alivuka hadi upande wa Kitale, kwenye mashamba ya walowezi yaliyogawanywa baada ya uhuru, akaolewa na mgane mwenye ekari za mahindi ambaye kifungua mimba wake ni mkubwa kuliko yeye bibi harusi. Na mwenye mali akifa ghafla, watu hawangoji kusikia daktari alisema nini. Huulizana mke alikuwa na nani.

Sura hii inahusu swali hilo. Inahusu ndoa zinazofungwa kwa masilahi, mpango wa kando unaozaliwa ndani yake, na hatua ile ya mwisho ambapo mtu huanza kupiga hesabu za kifo cha mwenzake au cha mpenzi wa mwenzake. Sitasimulia kesi za Kanduyi zenyewe. Familia zake zipo, watoto wako shuleni, na baadhi ya mafaili bado yamo mahakamani Bungoma na Kitale. Nitachukua kesi ambayo wahusika wake wote wamekufa na mwenendo wake unajulikana wazi, iliyotokea Kenya hii hii, ikasikilizwa Nairobi, na ambayo mkataba wake wa ndoa ulitaja hadi kiasi cha pesa.

Tarehe 5 Novemba 1940, mjini Durban, Afrika Kusini, bwana mmoja Mwingereza wa miaka 57 alifunga ndoa na binti wa miaka 27. Bwana huyo alikuwa Sir Jock Delves Broughton, mrithi wa mashamba makubwa huko Uingereza, mashamba ambayo kufikia wakati huo alikuwa ameuza sehemu kubwa. Binti alikuwa Diana Caldwell. Hawakujidanganya. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba Diana akimpenda mwanamume mwingine kijana, Broughton hatamzuia. Atampa talaka, na juu ya talaka atamlipa pauni 5,000 kila mwaka. Wakati huo pesa hizo zilikuwa mali. Mlowezi wa Trans Nzoia aliyelima mahindi na kupeleka magunia yake kwenye reli iliyofika Kitale mwaka wa 1926 alikuwa na bahati akiona sehemu ndogo ya fedha kama hizo kwa mwaka mzima. Skwota wa Kibukusu aliyempalilia mahindi hayo, kwenye ardhi ambayo kabla ya mzungu wala haikuhitaji ruhusa ya kulishia ng'ombe, asingeziona maisha yake yote.

Wiki moja baada ya harusi walikuwa wamefika Kenya. Kabla ya Novemba kwisha, Diana alikutana na Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, katika klabu ya Muthaiga. Erroll alikuwa na miaka 39, uso mzuri, cheo kikubwa cha ukoo huko Uskoti, kazi ya kijeshi Nairobi wakati wa vita, na pesa kidogo. Mke wake wa pili alikuwa amefariki mwaka wa 1939, na pamoja naye ikapungua ile riziki iliyolilisha jumba lao jeupe kando ya ziwa Naivasha. Kufikia katikati ya Januari 1941 mapenzi ya Erroll na Diana yalikuwa wazi kwa kila mtu. Broughton alianza kupata barua zisizo na jina kwenye kisanduku chake cha klabu, za kumkejeli kwa habari ya mke wake.

Hapa ndipo kesi hii inaponifundisha zaidi kuliko nyingi nilizosoma. Mkataba ulikuwa umeliona tukio hili kabla halijatokea. Diana amempenda mwanamume kijana; ndivyo hasa walivyokuwa wamekubaliana. Broughton alitakiwa kutoa talaka na kuanza kulipa. Na kwa kuwa Erroll hakuwa na kitu, pauni hizo 5,000 zingewalisha wote wawili, kwa hiyo mume wa kwanza angekuwa anamtunza mume wa pili mwaka hadi mwaka. Pesa zilihesabiwa vizuri kule Durban, lakini hakuna aliyeandika mzee wa miaka 57 atafanya nini siku atakapoingia ukumbini Muthaiga na mazungumzo yakakatika.

Tarehe 21 Januari, Broughton aliripoti polisi kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa nyumbani kwake Karen. Tarehe 23 usiku, watu wanne walikula chakula Muthaiga: Broughton, Diana, Erroll na rafiki yao June Carberry. Broughton alisimama, akainua glasi, akawatakia Diana na Erroll heri na mrithi. Waliokuwa karibu hawakujua waangalie wapi. Kisha alimwomba Erroll ahakikishe Diana amerudi nyumbani kabla ya saa tisa usiku. Erroll alimfikisha Karen kama saa nane na nusu hivi, akaondoka peke yake na gari lake aina ya Buick.

Karibu saa tisa, Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa mjini waliliona gari hilo kwenye makutano ya barabara ya Karen na ya Ngong, limeingia shimo la murram kando ya njia, taa zikiwa bado zinawaka. Mwili wa Erroll ulikuwa umejikunja chini, chini ya usukani. Watu wa kwanza kufika walidhani ni ajali. Ni mochari ndipo daktari alipoona tundu la risasi kichwani. Kutoka pale hadi nyumba ya Broughton ni kama kilomita nne.

Siku iliyofuata Broughton alikwenda mochari na leso ya Diana, akaomba iwekwe pamoja na marehemu. Pia aliwasha moto mkubwa kwenye shimo la taka nyumbani kwake, akaagiza na petroli. Baadaye polisi walikuta humo mabaki ya soksi yenye damu. Walikwenda hadi kwenye shamba moja karibu na Nanyuki alikokuwa amelenga shabaha siku za nyuma, wakachimbua risasi ardhini ili kuzilinganisha na zile za mauaji ya Erroll. Tarehe 10 Machi 1941 walimkamata.

Kesi ilianza Nairobi tarehe 26 Mei mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan na jopo la wanaume wazungu. Diana alisafiri hadi Afrika Kusini na kumletea mumewe wakili Harry Morris, bingwa wa mambo ya bunduki. Morris alishikilia jambo moja tu: alama za mfereji wa mtutu kwenye risasi hazilingani na bastola ya Colt, na bastola zinazodaiwa ni za Colt. Mashtaka hayakuwa na silaha mkononi. Tarehe 1 Julai jopo lilimwachilia Broughton. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo cha Erroll, na vitabu vya kubahatisha muuaji vinaendelea kutoka. Wengine humtaja Broughton, wengine wanawake aliowaacha Erroll, wengine majasusi wa Uingereza kwa kuwa Erroll aliwahi kujiunga na chama cha kifashisti mwaka wa 1934. Mimi sina haja ya kuchagua. Kwa mada yetu inatosha kujua kwamba ndani ya wiki kumi na mbili za ndoa ya masilahi mtu mmoja alikuwa maiti, na miezi michache baadaye mume alikuwa karibu na kitanzi.

Kuna jambo ndani ya kesi hiyo ambalo wasimuliaji wa Kizungu hulipita haraka, na ambalo mtu wa Bungoma hapaswi kulipita. Diana aliketi mahakamani siku baada ya siku, amevaa vizuri, akitazama. Yeye ndiye aliyejua mkataba ulivyokuwa, nani alisema nini usiku ule, nani alitoka na kuingia nyumbani. Hakuitwa kutoa ushahidi dhidi ya mume. Sheria iliyotumika koloni iliyalinda mambo waliyoambiana mume na mke yasitolewe mahakamani kwa lazima, kwa sababu ndoa ni kitu kitukufu ambacho dola haliwezi kukivunja kwa maswali.

Sasa rudi nyuma miaka 24, kwenye mahakama hiyohiyo ya koloni. Mwaka wa 1917, katika kesi inayojulikana kama Rex dhidi ya Amkeyo, Mwafrika mmoja alitiwa hatiani kuhusiana na mali ya wizi, na mke wake aliyeoana naye kwa mila alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake. Alipokata rufaa akidai ulinzi ule ule wa mume na mke, Jaji Mkuu Hamilton alisema ndoa ya mila ya Kiafrika haistahili kuitwa ndoa. Kwa maoni yake ilikuwa afadhali iitwe kununua mke. Kwa hiyo mke wa Amkeyo angeweza kulazimishwa kusema.

Yaweke mawili hayo pamoja. Ndoa iliyotolewa ng'ombe mbele ya koo mbili, wajomba, shangazi na majirani, na ambayo watoto wake walijulikana ni wa ukoo gani, ilihesabiwa kuwa biashara. Ndoa iliyokuwa na bei iliyotajwa, pauni 5,000 kwa mwaka, bila hata shahidi mmoja wa kikoo, ikapewa heshima yote ya sheria, mpaka ikamfunika mshtakiwa wa mauaji. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hukumu ya Amkeyo iliendelea kuwasumbua wanawake wa Kenya miongo kadhaa, na maneno yake bado yamo vinywani mwetu tunaposema binti "ameuzwa".

Mahari ya Kibukusu yenyewe ina masilahi ndani yake. Babu zetu hawakuoana kwa sababu ya mapenzi ya sinema. Walitazama ukoo, afya, bidii ya shambani, kama kwao kuna wachawi, kama mama wa binti ni wa ukoo wa mama wa kijana, maana hapo ndoa haiwezekani kabisa. Kaka alioa kwa ng'ombe walioletwa na dada yake. Masilahi yalikuwepo, tena makubwa. Lakini yalisemwa kwa sauti, uani, wazee wameketi kwenye viti, mzee mmoja akiwahesabu ng'ombe kwa vijiti na mwingine akikataa hesabu hiyo: huyu ndama hafai kuhesabiwa, yule fahali ana kidonda. Kila mtu pale alijua nani anapata nini. Na kila mtu alijua njia ya kutokea. Mke akikimbilia kwao, kulikuwa na kikao. Mama mzee angemwuliza, "Mayi, umepigwa, au umechoka?" Na majibu mawili hayo yalikuwa na kesi mbili tofauti. Ndoa ikivunjika kabisa, ng'ombe walirudishwa, wakipunguzwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa.

Sitaki kuipamba mila kupita ukweli. Mlango huo wa kutokea ulikuwa mwembamba kwa mwanamke. Ng'ombe wa mahari mara nyingi walikuwa wameshatumiwa na kaka yake kuoa, kwa hiyo kaka, baba na mama walikuwa na sababu yao ya kumwambia arudi avumilie. Watoto walibaki kwa baba. Mwanamke aliyerudishwa mara tatu kwa mume mkatili alikuwa amefungiwa mlango na watu wake mwenyewe. Hata hivyo kikao kilifanya kazi moja ambayo mkataba wa Durban haukuifanya. Kilichukua aibu ya mume na aibu ya mke kikaigawa kwa koo nzima. Mulamwa, yaani shemeji, alitukanwa, wazee walipigiwa makofi ya msamaha, kuku alichinjwa, mwanamume aliyeachwa alirudi nyumbani na watu. Broughton alirudi Karen usiku ule na June Carberry tu, na barua zisizo na jina mfukoni.

Ndoa za masilahi za leo za Kanduyi na Kitale zimeuacha ua wa wazee bila kufika kwenye meza ya msajili. Mwanamume na mwanamke wanahamia chumba cha kupanga nyuma ya stendi, au kwenye shamba la marehemu mke wa kwanza, na masilahi yamo vichwani mwao wawili bila kutamkwa. Mwanamke anafikiri hatimiliki itaandikwa majina mawili. Mwenzake anafikiri amepata mtu wa kumpikia na kumtunzia ng'ombe bila kumwahidi chochote. Hakuna shangazi aliyeketi hapo kuuliza. Miaka inapita. Mmoja anapata mpango wa kando mjini, labda dereva wa lori anayelala Kanduyi mara mbili kwa wiki, labda mwalimu wa shule ya jirani. Wa pili anagundua kupitia simu. Hapo hesabu mbili zilizofichwa zinakutana kwa mara ya kwanza, na zinakutana kwenye hasira.

Wanaotoka hapo kwenda kwenye uuaji ni wachache sana. Wengi hutengana, hupigana, hurudiana, au huishi kama wapangaji. Lakini wanaofika huko, nikisoma hukumu zao, karibu wote walikuwa wamejiaminisha jambo lilelile: kwamba kuondoka kutawagharimu kila kitu na kifo hakitawagharimu chochote. Mke anayeamini kuwa akiachwa atatoka na begi la nguo tu baada ya miaka kumi na tano ya kulima miwa. Mume anayeamini kuwa akimwacha mke mahakama itampa nusu ya ploti zote, aitwe mjinga mbele ya wanaume wenzake. Mpenzi wa nje anayeongeza mafuta: mzee akienda, sisi tutaishi.

Imani hizo ni za uongo, nazo ndizo zinazofaa kuvunjwa kabla mtu hajakutana na muuaji wa kukodi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto, kusimamia shamba na hata kumpa mwenzio kampani kuwa mchango. Yule mke wa miwa hatoki na begi tu, ilimradi aende mahakamani. Na yule mume anayeogopa nusu kwa nusu asikie Mahakama ya Juu ilivyosema tarehe 27 Januari 2023: mali ya ndoa haigawanywi nusu moja kwa moja, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 nayo iliifuta Amkeyo kwa vitendo. Ndoa ya mila ina hadhi sawa na ya kanisani na ya msajili, na tangu mwaka wa 2017 inaweza kusajiliwa. Sheria hiyohiyo inasema ndoa iliyofungwa kwa hila, mtu akijua fika kwamba anadanganya, ni batili. Anayeoa kwa nia ya kufyonza hatimiliki hana ndoa ya kujivunia hata kabla ya kuanza njama.

Kuhusu kifo chenyewe, Sheria ya Adhabu haiachi nafasi. Kifungu cha 224 kinaadhibu njama ya kuua kwa kifungo cha hadi miaka 14, na njama hiyo imetimia watu wawili wanapokubaliana, hata kama aliyekusudiwa hajawahi kuguswa unywele. Jaribio la kuua, kifungu cha 220, linaweza kuleta kifungo cha maisha. Mauaji, chini ya vifungu vya 203 na 204, yana adhabu ya kifo, ingawa tangu uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017 jaji halazimiki kuitoa. Na yule anayepanga hasemi siri yake kwa mti. Lazima aseme kwa mtu: kijana wa bodaboda, mfanyakazi wa shamba, binamu aliyewahi kufungwa. Mtu huyo anajua kuwa siri hiyo ina thamani zaidi akiiuza kwa polisi. Mara kadhaa nchini Kenya makachero wamejifanya wauaji wa kukodi, wakapokea malipo ya awali, wakarekodi mazungumzo, na mpangaji akajikuta anasikilizishwa sauti yake mahakamani.

Kisha kuna kifungu ambacho laiti kingebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya chifu kuanzia Bukembe hadi Kiminini. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema katika kifungu cha 96 kwamba mtu mwenye akili timamu aliyemuua mwenzake hapati sehemu yoyote ya mali ya marehemu, moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka. Ploti aliyoua kwa ajili yake ndiyo ploti asiyoipata. Mpenzi wa nje aliyeahidiwa "sisi tutaishi" ameahidiwa kitu ambacho sheria imeshamnyang'anya.

Baada ya kuachiliwa, Broughton na Diana walisafiri pamoja kwa muda, wakaachana. Broughton alirudi Uingereza na tarehe 5 Desemba 1942, katika hoteli ya Adelphi, Liverpool, alikufa kwa dawa alizojizidishia. Diana aliolewa mwaka uliofuata na Gilbert Colvile, mmoja wa wafugaji matajiri wa Kenya, na mwaka wa 1955 akaolewa na Lord Delamere. Aliishi Kenya karibu maisha yake yote yaliyobaki, akafa mwaka wa 1987. Watu walimnong'ona Muthaiga hadi mwisho. Lakini hakuna aliyemtoa kwenye nyumba yake.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ya jambo linalonisumbua kuliko uuaji wenyewe. Katika kata za Kanduyi, tuhuma ya mke kumuua mume ni ya kawaida kuliko mauaji yenyewe. Mwanamume akifa kwa kisukari, kwa shinikizo la damu, kwa ajali ya bodaboda, kwa ini lililoharibiwa na chang'aa, bado patatokea mtu matangani wa kusema kuwa chai ilikuwa na kitu. Kama mjane ni mdogo kwa umri, kama alikuwa mke wa pili, kama kuna mtu alimwona mjini akiongea na mwanamume, hukumu imekwisha kabla ya kaburi kuchimbwa. Na tazama nani anaisema kwa nguvu zaidi. Mara nyingi ni shemeji ambaye ploti yake imepakana na ile ya marehemu. Tuhuma hiyo nayo ni njama, na lengo lake ni hatimiliki ileile.

Mjane aliye katika hali hiyo ana haki ambazo haziwezi kungoja wazee wapoe. Aombe uchunguzi wa maiti wa serikali kabla ya mazishi, hata kama wakwe wanasema ni kumdhalilisha marehemu. Ripoti ya daktari ndiyo ngao yake. Achukue cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na aifuatilie mwenyewe, asimtume shemeji. Ajue kuwa kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa kibali. Kukata miwa ya marehemu, kuhamisha ng'ombe wake, kubadilisha kufuli za ploti, yote hayo ni kosa la jinai, hata yakifanywa na kaka wa marehemu mbele ya mzee wa mtaa. Katika kuomba usimamizi wa mali, sheria inampa mume au mke aliyebaki nafasi ya kwanza. Wakwe wakiamini kweli kwamba ameua, njia yao ni kituo cha polisi na kiongozi wa mashtaka, na jambo hilo lithibitishwe pasipo shaka katika mahakama kuu Bungoma au Kitale. Mpaka hapo litakapothibitishwa, kifungu cha 96 hakimgusi, na nyumba anayolala na watoto wake ni yake kulala.

Broughton alipewa wakili kutoka Afrika Kusini, wiki tano za ushahidi, na jopo lililokaa kusikiliza hadi alama za risasi. Mjane wa Kanduyi hupewa jioni moja chini ya turubai la matanga, bila ripoti ya daktari na bila mtu wa kumtetea, na asubuhi anaambiwa afungashe.